Mtu Mmoja Kila Nyumba

Toronto, Kanada
Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo hii nimeiandika nikiwa nimesimama, maana hata kwenye karatasi naona aibu kukusalimu nimekaa. Mama naye mpe yake. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imemsaidia, au bado anapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Ng'ombe je? Dada Aurelia aliniandikia kwamba yule mweusi amezaa ndama jike, nikafurahi peke yangu jikoni. Na vuli imenyesha? Hapa kwetu baridi imeanza mapema. Unaona, nimeandika "hapa kwetu". Nilitaka kuyafuta maneno hayo, nimeamua kuyaacha uyaone.

Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kiwanda cha mikate inaendelea, mikono inaungua mara moja moja lakini inapona. Ila raha sina, Baba, na sitazunguka: barua ya Dada ndiyo iliyoniondolea raha.

Anasema Jaspal alipokuja Moshi mwezi wa nane kuuza nyumba ya marehemu baba yake kule Rau, alipanda Mwika kukusalimu. Jaspal huyu unamkumbuka, ni mtoto wa yule Singasinga mwenye gereji mjini, uliyekuwa unampelekea pampu ya kunyunyizia kahawa aitengeneze. Huku ndiye ndugu yangu. Akakuletea kipande cha gazeti chenye picha yangu, akidhani anakuletea furaha. Kwenye picha ile nimechorwa jani jekundu shavuni, nimeinama, na kwa mikono miwili nampa mtu mgeni tawi la majani, kama anayetoa isale kuomba radhi. Jaspal akakusomea maneno ya chini: "Mkanada mpya aleta amani uwanjani." Dada anasema ulikitazama sana, ukakikunja, ukakitia kwenye mfuko wa koti. Jioni ukamwambia Mama, "Mtu hatoi isale mahali anapopita tu. Huyu amehamia."

Tangu siku hiyo jina langu hulitaji. Na sasa umewaita wazee wa ukoo wakae siku moja baada ya Krismasi wazungumzie kihamba.

Mimi ni kitinda mimba wako. Nyumba uliyoijenga, migomba inayoizunguka na makaburi ya babu na bibi chini ya migomba hiyo, kwa desturi yetu vinaniangukia mimi. Kaka Fidelis alipata chake zamani, tena ana mpunga wake Mabogini, najua si yeye aliyekuchochea. Sitasema kwamba siutaki udongo, nitakuwa mwongo. Lakini kinachonitetemesha zaidi ni kwamba ukinitoa kwenye kihamba sitakuwa tena mtu wa mahali. Tangu nisome barua ile nimetia chumvi mara mbili kwenye donge la unga kazini, na msimamizi ameniuliza kama nimefiwa.

Basi naomba unisikilize tangu mwanzo, kama ulivyokuwa unawasikiliza watu wanaogombania zamu ya maji. Ulikuwa humkatizi mtu hata kama anasema upuuzi.

Kiwandani kuna mzee mmoja anaitwa Walter, ndiye mwenye tanuri. Amezaliwa hapa, na baba yake pia. Ukikaa naye dakika tano utajua ana ugonjwa mmoja tu: timu ya taifa ya Kanada ya mpira wa miguu. Wenzake wote wanapenda mchezo wao wa kuteleza kwenye barafu na vigongo, na wanamcheka. Siku moja aliniambia, "Deo, wewe unatoka kwenye watu wanaojua mpira. Njoo Jumamosi." Nikaenda, kwa heshima tu.

Baba, nilichokiona siku ile kiliniuma kuliko nilivyotarajia. Walikuwa wanacheza na nchi moja ya huko kusini, jina lake nitaliacha. Uwanja ulikuwa umejaa, lakini karibu bendera zote zilikuwa za wageni. Vijana wa Kanada walipotoka kwenye chumba chao, walizomewa. Walizomewa nyumbani kwao! Beki wao wa kulia alisimama akatazama majukwaani kama mtu aliyekosea mlango. Na waliokuwa wanazomea hawakutoka mbali. Ni watu wa hapa hapa, tunapanda nao basi moja, watoto wao wamezaliwa hospitali za hapa, ila mioyo yao ipo walikotoka. Siwalaumu, mimi mwenyewe wangecheza na Tanzania ningefanya hivyo hivyo. Upande wetu tulikuwa watu kama thelathini na ngoma moja iliyochanika. Walter aliipiga mpaka kipenga cha mwisho. Tulifungwa.

Kesho yake nikamuuliza anawaitaje watu. Akanionyesha karatasi zake: anabandika matangazo kwenye nguzo na kwenye maduka. Amebandika miaka kumi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Hujawahi kubandika tangazo la kusafisha mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Ulikuwa unatoka siku moja kabla, unapita kila kihamba kuanzia kwenye banio la maji hadi chini barabarani, unabisha, unaulizia wagonjwa, unaonja pombe ya mbege kidogo, halafu unasema, "Kesho mfongo. Mtu mmoja kila nyumba." Kesho yake alfajiri unapuliza pembe, na watu wanatoka na majembe. Hukuwahi kudai familia nzima. Mtu mmoja tu, lakini kila nyumba.

Nikamwambia Walter, acha karatasi, tutembee. Alishangaa, maana huku mtu habishi mlango wa mtu asiyemjua. Lakini alikubali, na kwa majuma mengi baada ya kazi tulizunguka majengo yale marefu ninakoishi, Mzungu mzee na Mchaga, tunabisha. Niliwauliza swali moja: "Mtoto wako anakunywa maji ya wapi?" Kwanza walidhani tunauza vichujio vya maji. Nikiwaeleza habari za mfongo, kwamba ukinywa maji ya mahali unatoa mtu kwa kazi ya mahali hapo, wananisikiliza. Mama mmoja kutoka visiwa vya Karibi aliniuliza, "Na siku mkicheza na kwetu?"

"Siku hiyo kaa na kwenu," nikamwambia. "Siku nyingine zote nipe mtu mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ukileta wawili sitawarudisha."

Akacheka, akaandika jina lake. Wengi waliandika. Nilitembea na daftari kama wewe, Baba, na nikajiona mtu mkubwa.

Sasa hapa nitakueleza kosa nililolifanya, na nakuruhusu ucheke, kama bado unaweza kucheka kwa ajili yangu. Mchezo uliofuata, waliokuja hawakufika nusu ya walioahidi. Nikasema, sawa, sheria ya mfongo ipo. Unakumbuka nyumba isiyotoa mtu? Mlikuwa mnaiendea, mnakaa uani kimya, mnaimba kidogo, mpaka mwenye nyumba atoke na debe la mbege na kuomba radhi, mambo yanakwisha. Basi Jumapili baada ya misa nikachukua watu wanane na ile ngoma, tukapanda ghorofa ya tatu kwa mjane mmoja wa Kireno, Mama Lurdes, aliyekuwa ameahidi kwa kiapo. Uani hakuna, tukakaa kwenye ukumbi mbele ya mlango wake. Tukaimba.

Mama Lurdes akaita polisi.

Walikuja wawili, wakubwa kama milango. Baba, niliogopa. Wakati ule karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa mezani kwa mtu fulani zinatazamwa, na jina likiandikwa polisi mambo yako yamekwisha. Yule mmoja akatoa kidaftari, akaniuliza ninafanya nini mlangoni pa mwanamke mjane. Nikamweleza habari za mfongo wa Mwika, banio, zamu za maji na pembe, kwa Kiingereza changu kinachokatika nikiogopa. Polisi wakatazamana. Walter amekuwa mwekundu, anasema, "Ni mambo ya mpira, afande, ni mambo ya mpira tu," na ngoma ameificha mgongoni kama chupa ya gongo.

Kumbe Mama Lurdes alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango. Akafungua, akatuangalia tulivyokaa sakafuni tumekunja miguu, akaanza kucheka mpaka akashika fremu. Akawaambia polisi waende zao. Halafu akatuletea sufuria ya supu ya kabichi, na mambo yakaisha kabisa kama kwetu. Yule polisi hakuandika jina langu. Lakini wiki mbili nzima kila gari la polisi likipunguza mwendo, naingia duka lililo karibu.

Picha uliyoiona ni ya mchezo wa baada ya hapo, mwezi wa kumi mwaka jana. Siku hiyo watu walikuja. Tulijaza safu moja nzima, kuanzia kona hadi mstari wa kati, wengine wamevaa nyekundu na kofia za nchi zao juu yake. Vijana walipotoka chumbani, hakuna aliyesikia kuzomea, kwa sababu upande wetu ulipiga kelele kwanza. Yule beki wa kulia akatazama juu tena, safari hii akainua mkono. Walter alilia machozi waziwazi, na mimi nilijipa kazi ya kutengeneza kamba ya ngoma ili nisimtazame.

Jani la shavuni alinichora Mama Lurdes. Ni jani la bendera yao, wote tulichorwa, sikuliwazia zaidi.

Wakati wa mapumziko mtu wa upande wa wageni alirusha chupa ikampiga Walter begani. Vijana wetu wakasimama, wa kwao wakasimama. Kati yetu palikuwa na ngazi za saruji tu. Nikaona kabisa linalokuja, na nikaona watu niliowatoa majumbani mwao, mama wa watu na sufuria yake, na ni mimi niliyebisha milango yao. Nilikuwa na tawi mkononi, nimelivunja njiani kwenye ule mti wenye jani la bendera, nilikuwa ninalipunga wakati wa kushangilia. Baba, sikufikiri. Mikono yenyewe ililifunga fundo, kama ulivyonifundisha kufunga isale pale mpakani tulipokosana na akina jirani wa juu. Nikashuka zile ngazi, nikapanda za kwao, nikainama, nikampa kwa mikono miwili mtu mzima niliyeona wanamsikiliza.

Hakujua ni nini. Alinitazama, akatazama lile fundo, na sijui alielewa nini, lakini alilipokea kwa mikono miwili naye. Akalichomeka kwenye kofia. Watu wakakaa. Mpira uliendelea na tukafungwa goli moja, dakika za mwisho, golikipa wetu aliteleza.

Mpiga picha hakuniuliza jina wala uraia. "Mkanada mpya" ni maneno yake. Jaspal alilikata gazeti akalibandika dukani kwake, nami nilinyamaza.

Hilo la kunyamaza ndilo kosa langu la kweli, Baba. Tangu siku ile nimekuandikia barua tatu, na mpira sikuutaja hata mara moja. Nilikueleza habari za theluji, za mikate, za padri wetu Mpolandi anayehubiri kwa saa nzima. Niliogopa utasema hayo hayo uliyoyasema: mtu hatoi isale mahali anapopita tu. Nimeyarudia maneno yako mara nyingi nikiwa mbele ya tanuri. Nilitaka kukujibu kwamba lile si isale, ni jani la mti wa watu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba isale ni mikono inayolitoa. Kwa hiyo sitakudanganya. Nililitoa kwa moyo wangu wote. Nilikuwa ninawaombea watu wangu radhi, na watu wangu siku ile walikuwa wale.

Na lipo lingine, ambalo Jaspal halijui wala Dada halijui. Serikali ya hapa imeniita kula kiapo cha uraia. Barua ya kwanza ilikuja mwezi wa sita, nikaomba udhuru nikasema ninaumwa. Ya pili imekuja juzi, inasema mwezi wa pili. Unajua nchi yetu hairuhusu mtu awe raia wa nchi mbili. Nikiapa, pasipoti yangu ya kijani narudisha, na nikija Mwika nitagongewa muhuri wa mgeni. Nisipoapa, nitabaki mtu wa kibali, na kibali kinaweza kufutwa, na hapa nina kazi, nina Walter, nina milango ambayo nikibisha inafunguliwa. Barua ile ipo kwenye droo chini ya soksi. Kila asubuhi nikivaa soksi naiona.

Sijaapa, Baba. Hilo ulishike. Na sitaapa kabla hujanisikia kwa masikio yako. Sijui utaniambia nini. Ukisema nisiape nitaumia, na ukisema niape nadhani nitaumia zaidi, maana nitajiuliza kama umeniruhusu au umenitupa.

Nimeomba likizo nimepewa. Nitafika Mwika wiki moja kabla ya Krismasi, nikipata gari pale stendi ya Moshi nitakuwa hapo mchana. Sheria ya mfongo unaijua kuliko mimi: hakuna nyumba iliyowahi kunyimwa maji kabla watu hawajakwenda kukaa uani kwake. Wazee wa ukoo hawawezi kuja kukaa uani kwangu, ni mbali, na polisi wa huku wataitwa tena. Kwa hiyo mimi nitakuja kukaa uani kwako. Nitakata isale la kweli pale mpakani, penye jiwe, nitalifunga fundo, nitakaa karibu na zizi. Sitaingia ndani mpaka unitolee mtu. Mama asiniletee mtori pale nje kwa huruma, ingawa najua ataleta, na najua nitakunywa.

Ninachokuomba ni kimoja: kikao cha wazee kisubiri mpaka uwe umetoka mlangoni.

Nisalimie Kaka Fidelis, mwambie mchele wake bado naulilia. Nisalimie Dada Aurelia na umshukuru kwa kunieleza ukweli bila sukari, na shemeji naye, mumewe, fundi wa paa letu. Shangazi anayetunza maua ya kanisani mpe shikamoo yake. Yule mama mjane wa kihamba cha juu, tuliyekosana naye zamani kwa ajili ya mpaka, naye mpe shikamoo, kama bado anazungumza nasi. Na lile pembe lililotundikwa nyuma ya mlango, lifute vumbi.

Ni mimi mwanao wa mwisho, ninayengoja neno lako kwa hofu na mapenzi,

Deogratias

Baba, nafungua bahasha tena. Jaspal amepita kuichukua barua aipeleke posta, nikamsomea. Amekaa kitini akashika ndevu, akasema kuna jambo Dada hakulisikia kwa kuwa alikuwa anatazama kwa mbali, kutoka mlango wa jikoni. Anasema kabla hujakikunja kile kipande cha gazeti ulimuuliza swali moja: "Walikuja watu wangapi?" Yeye akajibu hajui, ndipo ukakikunja.

Nilibisha nyumba arobaini na moja, Baba. Thelathini na tisa zilitoa mtu. Moja ilikuwa na mzazi, mtoto hana hata wiki, nikaisamehe kama ulivyokuwa unasamehe wewe. Iliyobaki nilikwenda kukaa mlangoni kwao Jumapili mbili, hawakutoka. Jumapili ya tatu wakafungua.